Imondo Iliyoliwa kwa Jirani

Nyinyi akina mama wa ndizi wa soko la Butere, mmeniuliza kwa simu mpaka simu yenyewe imechoka. "Ulifika?" Nilifika. "Alikupokea aje?" Hapo ndipo mtandao unakatika, kila mara hapo hapo, na najua mnafikiri ninakata kwa makusudi. Sikati. Basi nimechukua daftari la wajukuu, nimekaa hapa mlangoni kwangu Chekalini, nitaandika yote. Nilisoma mpaka darasa la tatu tu, kwa hivyo mkiona herufi zimelala, ziamsheni wenyewe muendelee. Mama Grace awasomee wengine, yeye ndiye ana miwani.

Lakini kuna wale waliokuja sokoni juzi juzi, ambao wananijua tu kama yule mama anayechekanga peke yake. Hao hawajui nilitoka kwangu kwa sababu gani. Ni lazima niwaambie, la sivyo wataona nasimulia safari ya wazimu.

Kwetu, kuku ana utaratibu wake. Marehemu mama yangu hata kuku mwenyewe hakuonja maisha yake yote, wanawake wa zamani walikatazwa. Sisi tukaonja, lakini imondo hapana. Imondo ni ile firigisi. Hiyo ni ya mwenye boma. Unampikia, unamwekea juu ya sahani mahali anaweza kuiona, ndio ajue kuku alikuwa wake. Imondo ikipotea kwenye sufuria, nyumba nzima inakaa kikao.

Sasa miaka miwili iliyopita, jirani yetu Felista, mjane, ua moja tu kati yetu na yeye, alitualika sisi akina mama wa kanisa. Akachinja kuku wawili. Tulikuwa wanawake tisa, mwanaume hakuna. Mimi nikasimama kusaidia kupakua, mnajua mkono wangu hautulii ukiona mwiko. Nikazungusha mwiko. Shingo ziko. Mabawa yako. Maini yako. Imondo hakuna, hata moja.

"Felista," nikamuuliza, "imondo zimeenda wapi?"

"Paka alikula."

Felista hana paka.

Akina mama wote wakaangalia sahani zao. Nikarudi nyumbani nikamkuta Baba Ayub, huyu mzee wangu Wafula, amekaa kwenye kiti chake anachokoa meno. Nikamwekea ugali na kunde. Akasema ameshiba. Nikamwangalia, akaangalia ukuta. Miaka arobaini na moja ya ndoa, nikafunga leso mbili na Biblia, nikaja Butere kwa dada yangu Melisa. Hapo ndipo mlinijulia.

Butere, mlangoni kwa Melisa

Watu huuliza nilirudi kwa nini. Nilirudi kwa sababu ya simu.

Kwa miaka hiyo miwili, Baba Ayub alikuwa ananipigia kila jioni, na hakuomba msamaha hata siku moja. Alikuwa anatafuta vitu. "Mama Ayub, chumvi iko wapi?" Nyuma ya mtungi. "Mama Ayub, ile chujio?" Imening'inia kwa msumari, inua macho. "Mama Ayub, kisu cha mboga kiko wapi?" Kisu ndicho kilikuwa kinampotea sana. Mimi nimekaa Butere ninaendesha jikoni ya Chekalini kwa simu! Melisa alikuwa anatema mate chini. "Huyo mtu amekufanya redio," alisema.

Halafu jioni moja akapiga, akanyamaza. Nikangoja. "Unatafuta nini leo?" nikamuuliza.

"Leo sitafuti kitu," akasema. Akakata.

Haki ya Mungu, niliamka asubuhi nikiimba. Mwanamke wa miaka sitini na tisa, magoti mabovu, naoga mara mbili, napaka mafuta mpaka masikioni! Nilijua aliyonifanyia. Sikuwa nimesahau hata sahani moja. Lakini moyo ulikuwa unaruka kama maji ya chai yakichemka, na kifuniko kinacheza.

Melisa alikuja kusimama mlangoni na mikono kiunoni. "Unaenda kumrudia huyo mlaji wa majirani?"

"Ninaenda kumwona tu."

"Kumwona na leso mpya?"

Hakunipa mkono. Alizunguka nyuma ya nyumba nikasikia kelele za kuku, akarudi na jogoo wake mwekundu amemshika miguu. Huyo jogoo tulikuwa tunamwita Diwani kwa vile anavyotembea, kifua mbele, akisalimia kila mtu na hafanyi kazi yoyote. "Chukua," akasema Melisa, machozi yanamtoka na amekasirika. "Usifike mikono mitupu wakasema tulikufukuza. Na akikufanyia tena, mrudishe Diwani wangu. Wewe utajijua."

Butere mpaka Mumias, juu ya trekta

Siku hiyo jirani ya Melisa alikuwa amekatiwa miwa, na trekta ilikuwa inatoka hapo hapo kwenda kiwandani. Melisa akamwomba dereva anibebe. Dereva ni kijana wa Mumias, anaitwa Rajabu, kofia nyeupe kichwani na adabu tele.

"Salaam aleikum, kukhu," akaniamkia kama nyanya yake.

"Bwana asifiwe," nikamjibu, na salamu zote mbili zikaenda pamoja vizuri kabisa.

Akanikalisha juu ya ile bati ya gurudumu, karibu naye, Diwani kwenye magoti yangu. Juu ya miwa kulikuwa na wakataji watatu wamelala chali. Rajabu akaniuliza, "Kukhu, na huyo jogoo?"

Sijui shetani gani alinishika ulimi. Nikasema, "Ninaenda kuolewa."

Nilikuwa ninatania! Lakini Rajabu alifunga breki, akasimama, akapaza sauti, "Nyinyi huko juu amkeni! Tumebeba bibi harusi!"

Aluu! Wale wakataji waliamka wakaanza kuimba na kupiga mapanga yao, kang kang kang. Tukipita dukani Rajabu anapiga honi, "Bibi harusi huyu! Pisheni!" Watu wanatoka, wanaona kizee na jogoo, wanapiga vigelegele. Mama mmoja alikimbia nyuma yetu akanitupia simsim iliyofungwa kwa karatasi. Nikaanza kupunga mkono. Ninazoea haraka, mimi, sijui ningekuwa wapi kama ningezaliwa kwa wakubwa.

Karibu na Mumias gurudumu la trela likatoboka. Tukakaa kando ya barabara mpaka miguu ikafa ganzi, tunatafuna miwa. Mkataji mmoja, yule aliyekuwa anaimba kwa sauti nyembamba, akanisogelea.

"Kukhu, bwana harusi ni wa wapi?"

"Chekalini, Lugari."

"Wah! Huko kwa mahindi! Ni mzuri?"

"Ako na meno yote."

"Na anakupenda?"

Wote wakaningoja, hata Rajabu akatoa kichwa chini ya trela. Nikauma muwa. "Anapenda chakula," nikasema.

Walicheka mpaka mmoja akaanguka kwa majani. Na mimi nilicheka nao. Lakini kitu kiliniuma hapa chini ya titi la kushoto, kama mwiba wa samaki umekwama, nikameza na maji ya muwa na hakikwenda.

Mumias mpaka Kakamega, kwa basi la utepe

Rajabu aliniteremsha njia panda ya Mumias. Pale kulikuwa na basi la shule, limefungwa utepe mwekundu mbele, limejaa watu waliovaa vizuri, wanaimba. Sasa nyinyi mnacheka, mnajua utepe mwekundu ni wa nini. Hata mimi ninajua. Lakini nilikuwa na harusi kichwani tangu asubuhi, macho yangu yalikuwa yanaona harusi kila mahali.

"Mama, unaenda Malava?" kijana wa mlangoni akauliza.

Malava iko kwenye njia yangu. "Naenda."

"Panda upesi, tumechelewa!"

Nikapanda. Wakanipa kiti cha mbele, mkate na soda. Hakuna aliyeniuliza chochote. Nikasema watu wa Mumias ni wakarimu kuliko wote duniani. Nikaimba nao wimbo wa kwanza, wa pili. Wa tatu ulihusu kuvuka mto wa mauti, nikasema hii harusi ina nyimbo nzito.

Basi likaingia mjini Kakamega likaenda moja kwa moja, na utepe wake wa msiba, mpaka mochari.

Ningeshuka. Lakini nilikuwa nimekula mkate wa watu mpaka ganda. Unashukaje? Nikakaa kwenye benchi na wafiwa, Diwani chini ya leso, nikainamisha kichwa.

Na hapo tulikaa! Ndugu wa marehemu na binti wa marehemu walikuwa wanagombana juu ya tai. Binti alitaka baba yake avalishwe tai, na kaka mtu anasema, "Huyo hakuvaa tai siku yake ya harusi, leo amvalie nani?"

"Hataenda kwa Mungu shingo wazi!" binti akasema.

"Mungu anaijua hiyo shingo!"

Tai yenyewe ilikuwa imesahaulika Mumias kwa mjomba. Mtu akatumwa kuirudia. Jua likatoka upande huu wa paa likaenda upande ule. Simu yangu ilikuwa imezima. Nilijua Baba Ayub, niliyemwambia kwa simu kwamba naja, amesimama kwenye stendi ya Chekalini tangu saa tatu, ananingoja, na sasa anafikiri nimebadilisha nia. Nikafikiri atatoka stendi aende wapi. Atapita njia gani. Atachungulia ua upi.

Hapo ndipo nililia. Nililia vizuri, kwa sauti, kuliko binti, kuliko kaka. Mama mmoja akanipa karatasi ya kupangusa macho, kisha akageuka akamnong'oneza mwenzake, na huyo mwenzake akaniangalia kutoka kichwani mpaka miguuni. Nilidhani wananihurumia.

Lurambi mpaka Malava, nikiwa mjane

Tulipita Lurambi tai ikiwa imevaliwa, mimi nimechoka kabisa. Hapo kwenye basi niliona wamenyamaza wakinikaribia. Wananipisha. Mzee mmoja alinishika mkono kushuka, tulipofika kwa marehemu huko ndani ya Malava, akanipitisha katikati ya watu wote mpaka kwenye mkeka wa wajane, akanikalisha karibu na mke wa marehemu, Mama Beti. Msichana akamchukua Diwani. "Asante kwa mchango, kukhu," akasema, akaenda naye. Sikuwa na nguvu ya kubishana.

Mama Beti ni mwanamke mpana, uso wake kama sinia. Akasema bila kunigeukia:

"Umetoka Mumias?"

"Ndiyo, na hilo basi."

"Peke yako?"

"Na jogoo."

Akavuta pumzi. "Nilijua utakuja. Miaka kumi na tano nasikia tu, yule wa Mumias, yule wa Mumias. Nilifikiri wewe ni msichana." Hapo akanigeukia. "Kumbe umezeeka kunishinda! Sasa alikuwa anafuata nini huko?"

Wenzangu! Ndipo nikaelewa kiti cha mbele, na karatasi, na mkeka.

Ningemwambia mara moja. Mtu mwenye akili angemwambia mara moja. Lakini akaendelea, sauti imeshuka, "Niambie ukweli mbele ya maiti. Sina nguvu ya kugombana. Ulikuwa unampikia nini, ambacho mimi sikupika?"

Hilo lilikuwa swali langu. Nimelibeba miaka miwili, nimelilalia Butere kwenye kitanda cha Melisa, sikupata kumwuliza mwenye nalo. Na sasa ninaulizwa mimi! Nilitaka kwanza nilisikie vizuri linavyotoka kwa mdomo wa mtu mwingine.

"Mama," nikamwambia, "mimi siye. Haki mimi siye. Nilipanda basi nikidhani ni harusi. Mimi niko upande wako wa ua." Na nikamnong'onezea yote, imondo, mwiko, Felista, mpaka paka.

"Alisema paka?"

"Alisema paka."

"Na hana paka?"

"Hajawahi kuwa na paka."

Mabega ya Mama Beti yakaanza kutikisika. Akavuta leso juu ya kichwa chake na changu pamoja. Tukacheka ndani ya hiyo leso mpaka nikaogopa nitakufa na mimi nizikwe hapo hapo. Watu wakaona mabega, wakadhani wajane wawili wamepatana kwa kilio, na boma lote likalipuka kulia. Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Huo ndio upendo."

Halafu nikakumbuka. "Diwani!"

"Nani?"

"Jogoo wangu! Wamempeleka jikoni!"

Mama Beti alisimama, mwanamke ambaye tangu asubuhi alikuwa anainuliwa na watu wawili, akasimama peke yake akapaza sauti kwa wapishi, "Rudisheni jogoo! Huyo ni wa mume aliye hai!"

Diwani alirudi amelowa shingo, hasalimii mtu.

Wakatuletea obusuma, ugali wa moto, na nyama na mchuzi wa kumwagikia mikono. Tukala kwa sahani moja. Nikamwuliza, "Na wewe ulirudi kwake?"

"Mara nne."

"Ule uchungu, uliisha?"

Alitafuna kwanza. "Hauishi. Ulikuwa unanipata nikikunja shati lake. Nasimama na shati mkononi, kisha nasikia maziwa yanafurika, naliweka chini, naenda." Akapangusa sahani na kidole. "Unajua, nilikuwa nataka uwe ndiye. Si kwa vita. Nilitaka mtu mwingine hapa anayejua vile mtu huyu alikuwa anakoroma."

Nikamshika goti.

Malava mpaka Chekalini, kwa pikipiki

Nililala huko na asubuhi simu yangu ikawa imepata chaji. Ilipowaka tu, ikalia.

"Uko wapi?"

"Niko matanga."

"Nani amekufa?"

"Mume wa mtu."

Baba Ayub akasema polepole: "Kuku imelala kwa sufuria tangu jana."

"Naja," nikasema.

Nikapata kijana wa pikipiki, mtu wa maneno machache, akamfunga Diwani mbele kama taa ya pili. Huku kwetu Lugari, mkija mtaona, mashamba ni mapana, yalikuwa ya wazungu, mahindi yanaanza mahali jicho linaanza na yanaisha mahali jicho linaisha. Yalikuwa yamekomaa. Nilisikia harufu yake nikaanza kuimba, kijana akaangalia kioo.

Kisha nikamwambia simama, nifunge kitambaa vizuri. Akasimama. Mbele kidogo, simama, niende haja. Akasimama. Tulipoiona kona ya shule, ambayo ukiipita unaona mabati ya kwangu na mabati ya Felista yakimeta pamoja, nikamgonga mgongo.

"Geuza. Nirudishe."

Akageuza bila neno. Tukaenda kama nusu ya wimbo. Nikaona Diwani amegeuza shingo ananiangalia.

"Geuza tena," nikasema.

Kijana akazima pikipiki kabisa. "Mama, amua. Nikigeuza mara ya tatu gurudumu litachimba kisima hapa. Kuna nini huko?"

"Kuna mume wangu."

"Anapiga?"

"Hapana."

"Amelewa?"

"Hapana."

"Sasa ni nini?"

Nikafikiri. "Nimemkumbuka," nikasema, "na sitaki ajue."

Akawasha. "Hiyo hata mimi ninayo," akasema, akanifikisha mpaka nyumbani.

Ng'ambo ya ua

Alikuwa amesimama langoni na koti lake la kanisa, lile lile alilovaa jana kuningoja, limekunjika. Amekonda kama mti wa bendera. Mnataka kujua kama tulikumbatiana. Sisi si watu wa kukumbatiana. Tulisalimiana kwa mkono, kama watu wa mkutano.

"Umefika."

"Nimefika."

"Njia ilikuwa nzuri?"

"Ilikuwa na watu."

Akachukua jogoo kutoka kwangu kwa heshima kubwa, akamfungua kamba. Na huyo Diwani, niliyembeba kutoka Butere, niliyemtoa kwenye maji ya moto, alisimama akajikung'uta, akaangalia boma langu kushoto, akaliangalia kulia, akapiga mbio akaruka ua wa michongoma, moja kwa moja mpaka kwa Felista.

Baba Ayub alibaki na kamba mkononi. Uso wake sitausahau. Na ni nani angeenda kumchukua? Yeye hawezi, angeanzaje kukanyaga huko mbele yangu? Nikampa Biblia yangu ashike, nikaenda.

Felista alikuwa ameanika mahindi kwenye turubai, anayageuza kwa mguu. Diwani yuko katikati, anakula.

"Jogoo wa nani huyu?" akasema, kisha akainua kichwa.

"Ni wangu," nikasema. "Sijui wangu wote huona nini huku."

Mdomo wake ukafunguka ukabaki hivyo. Amezeeka pia. Nilikuwa nimemweka kichwani na mashavu, sasa mashavu yameisha.

"Mama Ayub. Umerudi."

"Nimerudi."

"Nilikuwa nataka kukwambia..."

"Paka wako hajambo?"

Akafunika uso kwa viganja. Hata leo sijui kama alikuwa anacheka au analia, mabega ni yale yale. Kisha akainama akamvizia Diwani, akamshika, akanipa kwa mikono miwili. Nilikuwa nimejitayarishia maneno mengi ya siku hiyo, mengine makali sana, Melisa alinisaidia kuyatunga. Sikuyaona. Niligeuka nikaondoka na kifua mbele kama Diwani mwenyewe. Nilipofika kwenye ua nikashika michongoma na mkono mtupu, na haikuniuma.

Nyumbani, mezani

Baba Ayub alikuwa amepika mwenyewe. Jikoni mlikuwa kama mmepita ng'ombe. Akanikalisha kwenye kiti, kiti chake, akaniletea sahani iliyofunikwa na sahani nyingine. Akafunua.

Katikati ya sahani, peke yake, kubwa kama ngumi ya mtoto: imondo.

"Kula," akasema. Hakukaa. Alisimama na mwiko, jasho linamtoka.

Wenzangu, mimi sikuwahi kula imondo. Nimezipika miaka arobaini na moja, sijui ladha yake. Nikaishika kwa vidole nikauma.

Kraaa!

Mchanga. Changarawe. Punje za mahindi nusu, majani, ile ngozi ya manjano yenye uchungu, yote ndani! Hakuwa ameipasua. Aliitoa kwa kuku akaitumbukiza kwa sufuria kama ilivyo, akaichemsha siku mbili.

"Iko aje?"

"Iko," nikasema, na meno yanasaga kama kinu.

"Iko tamu?"

"Baba Ayub. Hii uliiosha?"

"Niliosha. Nje."

"Ndani?"

Akaniangalia. "Ina ndani?"

Nilicheka. Nilicheka mpaka kiti cha Baba Ayub kikalia. Miaka yote hiyo mtu anakula imondo, yeye ni mwenye boma, yeye ndiye mwenyewe kabisa, na hajui hata siku moja kwamba kuna mwanamke huipasua, akamwaga uchafu, akamenya ile ngozi kwa kucha! Alidhani kuku huzaliwa nayo safi. "Na kule?" nikamwuliza, bado ninacheka. "Kule hukuona ikioshwa?"

Akaangalia mwiko. "Kule ilikuwa inaletwa ikiwa imeiva," akasema.

Hapo kicheko kikageuka ndani ya mdomo wangu. Mnajua vile unateremka mlima mbio na ghafla mguu unakosa ardhi. Nililia na imondo shavuni. Yeye akapiga magoti pale chini, na magoti yake ni mabaya kuliko yangu, akaweka kiganja wazi chini ya kidevu changu, kama unavyofanyia mtoto. "Tema," akasema. "Tema, Mama Ayub. Usimeze."

Nikatema nusu. Nusu nilikuwa nimeshameza.

Basi ndivyo alivyonipokea. Niko hapa tangu siku hiyo. Tunakula, tunacheka, jana ameanguka kwenye mtaro wa ng'ombe nikacheka mpaka kisogo kikauma. Diwani huenda kwa Felista asubuhi, jioni anarudi mwenyewe, hakuna anayemfuata. Na mimi nina chembe moja ya mchanga wa siku ile, imeingia kwenye jino langu bovu la juu, upande wa kushoto. Nimepiga mswaki, nimechokoa na mwiba wa michongoma, haitoki. Siku nyingi inanyamaza. Halafu ninakunywa chai, hakuna aliyenikosea, na ulimi unaenda huko wenyewe.

Leo amechinja kuku mwingine. Amesema ataipasua imondo kwa mkono wake, nimemwelekeza mahali pa kukata, na nimekataa kuamka. Sasa hivi namsikia huko jikoni anafungua hiki, anafunika kile.

"Mama Ayub! Kisu cha mboga kiko wapi?"

Kisu kiko hapa, chini ya daftari hili. Namwacha atafute kidogo.